Goma: Fimbo ya gofu ikienda kombo, pima pembe kabla ya kumlaumu mchezaji

Katika mji wa Goma, hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba chombo kinapaswa kulingana na mwili wa mwenye kukitumia. Mwendesha chukudu anaweka goti moja juu ya ubao, anasukuma ardhi kwa mguu mwingine, na mikono yake miwili inashika usukani. Usukani ukiwa juu mno kwake, mabega yanachoka kabla ya kufika sokoni. Ukiwa chini mno, mgongo ndio unalipa. Mkulima wa Kibumba ao wa Rutshuru naye anajua: jembe likifungwa kwenye mpini kwa pembe mbaya, linateleza juu ya udongo ao linazama kupita kiasi, na jioni kiuno ndicho kinacholia.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala fimbo ya gofu. Tofauti ni kwamba kwenye gofu kosa la pembe halionekani kwa macho. Digrii 2 ao 3 tu zinatosha kumfanya kijana mwenye mkono mzuri aamini kwamba hajui kucheza.

Wengi wetu hapa tunauona mchezo huu kwenye televisheni na tunauita mchezo wa matajiri. Si uongo. Huku kwetu RDC, viwanja vya Kinshasa na Lubumbashi viliachwa na Wabelgiji, na havikuwahi kuwa mahali pa mtu wa kawaida. Lakini katika Afrika Mashariki yote kuna mlango mwingine wa kuingilia, nao ni kazi ya kubeba mifuko ya wachezaji. Kutoka Nairobi hadi Kampala, wachezaji wengi wanaolipwa leo walianza hivyo, wakibeba asubuhi na kujaribu kupiga mipira michache jioni. Na karibu nasi, mwendo wa saa chache toka mpakani, Kigali ina uwanja wa mashimo 18 uliotengenezwa upya na kampuni ya Gary Player, bingwa wa Afrika Kusini.

Kijana anayeingia kwa mlango huo hanunui fimbo dukani. Anapewa zile ambazo bwana wake hazitaki tena, ao ananunua za mtumba moja moja: hii ya Mmarekani mrefu, ile ya mama wa Kijapani, nyingine hata haijulikani ilitoka wapi. Kila moja ilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine, ao haikupimwa kwa mtu yeyote. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Pembe mbili, kazi mbili

Fimbo ya chuma ina mpini mrefu, kichwa, na shingo inayounganisha hivyo viwili. Shingo hiyo ndiyo inayobeba siri yote, kwa sababu pembe mbili kubwa za fimbo zinatoka hapo.

Pembe ya kwanza ni mwinamo wa uso, ambao wachezaji wanauita lofti. Ni kiasi gani uso wa fimbo umelala nyuma kutazama mbingu. Ukilala sana, mpira unapanda juu na kwenda karibu. Ukisimama, mpira unaruka chini na kwenda mbali. Ndiyo maana seti ina namba: namba ndogo kwa mbali, namba kubwa kwa karibu. Kati ya fimbo moja na inayofuata kuna tofauti ya digrii 3 hadi 5, na tofauti hiyo ndiyo inayompa mchezaji ngazi za umbali, kila ngazi kama mita 10 hivi.

Pembe ya pili ni mlalo, ambao wao wanauita lai. Ni pembe kati ya mpini na ardhi wakati unyayo wa fimbo umetulia sawasawa chini. Kwa chuma namba 7, ambacho urefu wake ni karibu sentimita 94, pembe hiyo ni kama digrii 62. Mtu mwenye mikono iliyo mbali na ardhi anahitaji mpini uliosimama zaidi. Mwenye mikono iliyo karibu na ardhi anahitaji uliolala zaidi. Angalia vizuri: tunasema mikono, si kimo tu. Watu wawili wenye urefu mmoja wanaweza kuhitaji pembe tofauti, kwa kuwa mmoja ana mikono mirefu ao anainama zaidi anapocheza.

Pembe ya kwanza inaamua mpira utafika wapi. Ya pili inaamua utaelekea upande gani.

Digrii 3 zinaharibu nini?

Chukua kijana mfupi mwenye fimbo iliyotengenezwa kwa mtu mrefu. Anapoishika, kisigino cha kichwa kinagusa ardhi na ncha inabaki hewani. Kwa sababu uso wa fimbo umelala nyuma, kuinuka kwa ncha kunaugeuza uso wote kutazama kushoto, kama ni mtu wa mkono wa kuume. Yeye amelenga bendera, mwili wake umelenga bendera, lakini chuma kimelenga kwingine.

Hesabu yake si ngumu. Kwa fimbo yenye mwinamo wa digrii 30, kosa la digrii 3 katika mlalo linageuza uso kwa karibu digrii 1 na nusu na kidogo. Kwa umbali wa mita 140, mpira unatoka kwenye mstari kwa mita 4 hivi, bila kuhesabu upepo na mzunguko wa mpira wenyewe. Sasa chukua fimbo fupi ya karibu, yenye mwinamo wa digrii 56. Kosa lile lile la digrii 3 linageuza uso kwa zaidi ya digrii 4, na kwa mita 80 tu mpira unakosa kwa mita 6. Fimbo ambayo inapaswa kuwa ya uhakika kuliko zote ndiyo inayodanganya zaidi.

Kwa mtu mrefu anayetumia fimbo ya mtu mfupi, mambo yanageuka: ncha inachimba ardhi, kisigino kinainuka, mpira unakwenda kuume. Kwa mwenye mkono wa kushoto, pande hizo zote zinabadilishana.

Lakini madhara makubwa hayako kwenye mpira mmoja. Yako kwenye mwili wa anayejifunza. Kijana ambaye mpira wake unakwenda kushoto kila siku hakai na kungoja. Anaanza kusukuma mikono upande wa kuume, ao kuinua viganja, ao kusimama kombo, hadi mpira unyooke. Baada ya miaka miwili, mwili umejipinda kuufuata uongo wa chuma. Siku anapopata fimbo iliyo sawa, mpira unakwenda kuume, naye anasema fimbo mpya ni mbaya. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hapa ni mtoto ndiye anayekunjwa angali mbichi, na anayemkunja ni chuma.

Mwinamo nao una hila yake. Chuma laini kinahama kidogo kidogo kwa kupigwa chini, na kwenye ardhi yenye mawe kinahama haraka zaidi. Mkaaji wa Goma, ambaye anatembea juu ya lava ya Nyiragongo tangu mlipuko wa 2002 na ule wa 2021, hahitaji maelezo juu ya kinachotokea chuma kinapokutana na jiwe hilo. Namba 8 inaweza kuhama hadi ikaruka umbali sawa na namba 7. Mchezaji anabeba fimbo mbili zenye kazi moja, na anabaki na pengo mahali pengine. Kanuni za mchezo zinaruhusu fimbo 14 tu katika mfuko. Anayeanza mara nyingi ana 6 ao 7. Hana nafasi ya kupoteza hata moja.

Jipime bila mashine

Kwenye maduka makubwa ya Ulaya na Marekani, fundi anambandikia mteja utepe chini ya unyayo wa fimbo, anamwomba apige mpira juu ya ubao mgumu, halafu anatazama alama. Alama ikiwa katikati, pembe ni nzuri. Ikiwa upande wa kisigino, fimbo imesimama mno. Ikiwa upande wa ncha, imelala mno.

Njia nyingine haihitaji hata ubao. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mnene uliosimama wima nyuma ya mpira, upande utakaogongwa na fimbo. Piga mpira. Mstari utaacha chapa usoni mwa chuma. Ukisimama wima dhidi ya mistari ya uso, mlalo unakufaa. Kichwa cha chapa kikiinamia ncha ya fimbo, fimbo imesimama mno kwako. Kikiinamia kisigino, imelala mno. Rudia mara 10, si mara moja, kwa sababu mpigo mmoja unaweza kuwa wa bahati mbaya.

Ardhi pia inasema. Tazama shimo dogo ambalo fimbo inaliacha kwenye majani. Likiwa na kina zaidi upande wa kisigino, ao ncha, utapata jibu lile lile.

Na kwa kupima pembe yenyewe, simu ya mkononi inaweza kusaidia, kwa kuwa nyingi zina programu ya kupima usawa. Weka fimbo juu ya meza iliyonyooka, hakikisha mistari ya uso iko sambamba na meza, kisha egemeza simu kwenye mpini na usome. Haitakupa usahihi wa mashine, lakini itakuonyesha kama fimbo zako zinafuatana kwa utaratibu ao kama kuna moja iliyoasi. Kwa kawaida, fimbo inavyokuwa fupi ndivyo mpini unavyosimama zaidi, hatua ndogo kwa hatua ndogo.

Kuhusu umbali, usiamini namba za vitabu vya Ulaya. Goma na Kigali ziko kwenye kimo cha karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Nairobi iko juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko Mombasa. Kila mtu apime ngazi zake mahali anapochezea.

Chuma gani kinakubali kupindwa

Habari njema ni kwamba pembe hizi zinarekebishwa. Fundi anakibana kichwa katika etau maalum yenye vipimo vya pembe, anaweka mkono mrefu wa chuma kwenye shingo, kisha anavuta polepole. Anapima, anavuta tena kidogo, anapima tena. Chuma kina tabia ya kurudi nyuma kidogo baada ya kuachiwa, kwa hiyo fundi mzuri anavuka alama kidogo ili kirudi pale anapotaka. Anapogusa mlalo lazima apime na mwinamo, kwa sababu shingo ni moja na pembe moja inaweza kuivuta nyingine.

Lakini si kila chuma kinakubali. Kuna vichwa vilivyofuliwa, yaani vimepigwa toka kipande cha chuma laini. Hivyo vinapindika bila ugomvi, digrii 2, 3, hata 4. Kuna vichwa vya kusubu, ambavyo vimetoka kwenye chuma kisichoshika kutu kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Hivyo ni vigumu. Digrii 1 ao 2 ni mwisho wake, na vingine vinakatika shingoni bila kutoa onyo. Na zile fimbo ndefu zenye kichwa kikubwa cha titani hazipindwi kabisa. Nyingi za kisasa zina kola yenye skrubu ya kubadilishia pembe.

Kuna bei nyingine ya kulipa. Ukipunguza mwinamo wa fimbo kwa digrii 1, unyayo wake unapoteza karibu digrii 1 ya ule mgongo unaouzuia usizame udongoni. Ukipunguza digrii 4 kwa tamaa ya umbali, unapata fimbo inayochimba kama jembe.

Usikipeleke kwenye moto

Goma ina mafundi hodari wa chuma. Kuanzia Birere hadi pembeni mwa barabara za kartie, watu wanasude milango, wanatengeneza majiko, wananyoosha fremu za pikipiki zilizokunjamana. Ni rahisi kufikiri kwamba anayenyoosha pikipiki atashindwa vipi na fimbo ndogo.

Hatari iko kwenye njia anayoizoea. Moto wa sude unaharibu ugumu wa chuma, unachoma rangi yake ya kung'aa na kuyeyusha gundi inayoshika mpini ndani ya shingo. Nyundo inaacha kovu usoni, na uso ndio unaogusa mpira. Kuukanyaga mpini na kuuvuta kwa mkono hakusaidii pia. Mpini mwembamba utakunjika kabla shingo haijasogea. Kazi hii inafanywa chuma kikiwa baridi, kichwa kikiwa kimebanwa kati ya vipande vya shaba ili kisichubuke, na nguvu inawekwa kwenye shingo tu.

Wengi pia wanafikiri kwamba kukata mpini kunatosha kumfanyia mtoto fimbo ya kipimo chake. Kukata kunabadilisha urefu na uzito unaosikika mkononi, lakini pembe iliyo shingoni inabaki ile ile. Kata, halafu pima tena.

Kwa fundi mwenye akili ya biashara, hapa kuna kazi. Kupinda fimbo katika maduka ya nje kunalipwa dola chache kwa kila moja, wakati seti mpya inafika mamia ya dola, na nyingine inapita 1,000. Wakaaji wa Goma wanajua thamani ya kutengeneza kile ulichonacho, hasa baada ya mwisho wa Januari 2025, mji ulipoanguka mikononi mwa AFC/M23, benki zikafunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Anayeanza aanze na fimbo zilizoharibika, ajifunze kuzisikia mkononi kabla ya kugusa mali ya mteja.

Ukinunua mtumba

Tazama kwanza nyuma ya kichwa na shingoni. Kampuni ya Ping, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, ina desturi ya kutia nukta ya rangi kwenye fimbo zake. Nukta nyeusi ni kipimo cha kawaida. Nyekundu inaonyesha fimbo iliyolala zaidi, na buluu iliyosimama zaidi. Ni kama namba ya kiatu: inakuambia ilipimwa kwa mguu wa nani. Hata hivyo pima tena, kwani mwenye fimbo wa kwanza anaweza kuwa aliipinda baadaye.

Usidanganywe na namba. Miaka ya 1970, chuma namba 7 kilikuwa na mwinamo wa digrii 36 hivi ao zaidi. Leo seti nyingi zinauzwa na namba 7 yenye digrii 28 hadi 32, ili mnunuzi aone mpira unakwenda mbali na kufurahi. Ukichanganya namba 7 ya zamani na namba 8 ya sasa, unaweza kukuta ile inayopaswa kwenda karibu ndiyo inayokwenda mbali.

Angalia pia shingo. Ukiona mikunjo, ufa mwembamba ao alama nyingi za kubanwa, iache. Chuma kilichopindwa na kurudishwa mara nyingi kinachoka kama waya, na siku moja kichwa kinaruka kabla ya mpira.

Pembe si mganga

Kuna watakaosema kwamba kipaji hakiulizi pembe. Watamtaja Severiano Ballesteros, mtoto wa Pedreña huko Uhispania, ambaye naye alibeba mifuko ya wachezaji na alijifunza ufukweni akiwa na chuma kimoja cha zamani, namba 3. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open, na baadaye akawa mmoja wa wakubwa wa mchezo huu duniani.

Ni kweli. Lakini mtoto mwenye chuma kimoja anajifunza uongo wa chuma kimoja. Mwenye fimbo 7 za mtumba, kila moja imepinda kwa namna yake, anapaswa kujifunza uongo 7 na kukumbuka upi ni wa fimbo ipi. Hata mwenye kipaji anachoka.

Na ni kweli vilevile kwamba pembe nzuri haifundishi mtu kupiga. Mwenye mpigo unaobadilika kila mara hatapona kwa kupinda chuma. Huyo atafute kwanza mwalimu, kisha apime. Kanuni nazo zina mpaka: fimbo inarekebishwa kabla ya mchezo, si katikati yake. Anayebadilisha pembe kwa makusudi wakati mzunguko unaendelea, kisha akaipiga fimbo hiyo, anaadhibiwa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Piga mipira 10 yenye mstari. Alama zikitawanyika huku na huku, shida ni ya mpigo. Zikiinama zote upande mmoja, usimwambie kijana kwamba hana mkono wa gofu. Chukua fimbo yake, tafuta etau, na umwombe fundi aanze na digrii 1.